Sauti ya Libérat

Saa nane mchana, Jumapili ya kuganduka, Libérat alifunga bao uani kwa mama yake, kijijini Luberizi, na mtangazaji aliyelishangilia alikuwa Mbrazili.

Kuganduka ni siku ya kufunga kilio, na kilio chenyewe kilikuwa cha huyo huyo Libérat. Lori lilimpitia mwaka uliopita kwenye barabara ya Bukavu, simu ikiwa mfukoni, na vyote viwili viliokotwa vipandevipande. Aliyefunga bao alikuwa mfano wake ndani ya mchezo wa mpira wa kompyuta. Alipokuwa hai, Libérat aliutengenezea mchezo ule modi, yaani mafaili ya ziada yanayoubadilisha. Aliziondoa timu za Ulaya, akaweka za bonde la Ruzizi: Luberizi, Lubarika na Kiringye, kwa jezi zao na nyuso za vijana tunaowajua. Utangazaji aliurekodi kwa mdomo wake mwenyewe. Kila alipofunga yeye, sauti yake ilipasuka kwenye spika: "Mama Libérat! Angalia mutoto wako!"

Hakuna mahali pengine duniani sauti hiyo ilipobaki. Mwaka mzima mama yake, Consolate, alikuwa akitoka misani kila Jumapili na kwenda kwenye chumba cha michezo cha Hyacinthe, akakaa kiti cha mbele na kuisikiliza. Hyacinthe alijua la kufanya. Libérat alikuwa akianza, na jezi namba kumi na mbili alikuwa akibaki benchi mpaka mwisho, maana Mama Libérat hakutaka kumwona uwanjani. Siku hiyo ya kuganduka kompyuta ililetwa nyumbani kwake ili ukoo wote usikie. Walisikia Kireno.

Consolate hakulia. Alimgeukia mwanamke aliyekaa karibu yake.

"Wifi, weye uko polisi. Muntu ameniiba mutoto wangu. Nitafutie yeye, na usimuhurumie."

Mwanamke huyo ni Spès, dada wa marehemu mume wake, mpelelezi wa polisi kule Uvira, anayeshughulika na simu na kompyuta za wizi. Alikuwa na sahani ya wali mapajani na nyama ndiyo kwanza ilikuwa imefika. Aliiweka chini kwa uchungu. Ukoo ule, ukiniuliza mimi, ulihitaji polisi tangu zamani, ila si kwa sababu ya kompyuta.

Spès aliihamishia mashine sebuleni, akauliza ni nani walioigusa tangu jana. Walikuwa watatu: Hyacinthe mwenyewe, kijana Luc wa Lubarika anayetengeneza modi naye, na Niyongabo, mdogo wa marehemu, aliyeibeba kutoka kwa Hyacinthe jana jioni na kuilaza humu ndani. Akaanza na mwenye mali.

"Ulikuwa unachoka na Mama Libérat?" aliuliza bila kuzunguka.

Hyacinthe alijifuta jasho. "Nisikudanganye, Maman Spès. Anakujaka kila dimanche, vijana wanatoka. Nani anaweza kucheza pembeni ya mama anayelia? Lakini sikuguse kitu."

"Kopi ya sauti iko wapi? Hata mu flash?"

"Kopi?" Hyacinthe alishtuka kana kwamba ameombwa figo. "Nitoe kopi, kesho ifunguliwe mu chumba cha mwingine kule Kiringye? Hapana. Iko mu mashine yangu tu."

"Na furushi la kwanza la modi, unalijua linapowekwa?"

"Furushi gani? Minye najua kubonyeza hapa, mchezo unafunguka. Vingine vilikuwa vya Libérat."

Spès alimtazama kwa dharau asiyoificha. Mtu mzima ameacha kitu kisicho na cha pili mahali pamoja, mwaka mzima, kwa choyo tu. Akamwambia akae pale pale, akamwita Luc.

Luc aliingia, akasimama karibu na mlango. Watu wote walijua kwamba yeye na Libérat waliwahi kukunjana mashati wakigombania ni nani aliyebuni timu za bonde.

"Jana uliweka nini humu?"

"Modi yangu mupya, Maman. Uwanja wa Uvira, ziwa linaonekana nyuma. Kubwa sana, ilichukua muda kuingia. Nilitaka iwe zawadi kwa siku ya leo. Hyacinthe alikuwa ananiangalia."

"Na Mbrazili?"

Luc aliinamisha kichwa. "Mashabiki nilichukua kwenye modi ya Wabrazili. Mutangazaji wao akaingia pamoja nao. Sikuangalia."

Spès aliifungua programu inayosimamia modi. Wachezaji wengi humwaga mafaili ya modi moja kwa moja ndani ya mchezo, halafu siku kitu kikiharibika hawajui cha mchezo ni kipi na cha kwao ni kipi. Libérat hakuwa mzembe hivyo. Msimamizi huyo huiweka kila modi kwenye folda yake na kuzitandika moja juu ya nyingine kama vitenge juu ya meza. Mchezo wa asili uko chini kabisa na hauguswi. Ya juu inafunika ya chini. Ukiondoa alama ya tiki, ya juu inatoka na ya chini inaonekana tena ilivyokuwa. Modi ya Luc ilikuwa juu ya ile ya Libérat.

"Basi ni hii tu," alisema Hyacinthe kwa furaha. "Mutoto iko chini, amefunikwa!"

Maneno hayo yalitoka nje kabla Spès hajamziba mdomo. Consolate aliingia mbio, mwanamke wa makamo aliyekuwa hajakimbia tangu mazishi, na jamaa nyuma yake. Kitenge chake kipya cha kuganduka kilikuwa kimelegea kiunoni. Alikaa sakafuni mbele ya skrini, mikono imefumbatwa, anatabasamu. Spès aliondoa tiki ya Luc, akawasha mchezo, akampa Libérat mpira. Kijana alikimbia, akapiga, wavu ukatikisika.

Akatangaza Mwingereza.

Huyo ndiye mtangazaji wa asili, yule wa chini kabisa. Consolate alibaki na tabasamu lake usoni kwa muda, hajui alipeleke wapi. Spès aliona aibu kwa niaba ya nyumba nzima. Akawaomba watoke, isipokuwa Luc na Hyacinthe.

Akaifungua folda ya modi ya Libérat. Nyuso zilikuwepo, jezi zilikuwepo, timu zote zilikuwepo. Folda ya sauti, ambayo kila faili lake lilipewa namba ya jezi ya mchezaji, ilikuwa imefagiliwa. Limebaki faili moja, namba kumi na mbili. Akatafuta furushi la awali, lile ambalo msimamizi hulitunza ili modi ikiharibika ifunguliwe upya. Halipo. Pipa la takataka la kompyuta, tupu. Akachomeka flash yake yenye programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, akangoja. Haikufufua kitu, kwa sababu diski ilikuwa imejazwa filamu mpaka pomoni, na filamu zilikuwa zimelala juu ya kila kilichofutwa.

"Hizi filamu ni zako?" alimuuliza Hyacinthe.

"Hapana! Jana hazikuwe."

"Saa ya hizo filamu inasema nini?" aliuliza Luc.

"Saa ya mashine hii imekufa. Inasema tuko mwaka ambao weye hukuwa umezaliwa." Spès alivuta kiti. "Luc, jana modi yako iliingia bila shida ya nafasi?"

"Bila shida. Nafasi ilikuwa nyingi."

"Leo hapaingii hata picha. Kwa hiyo aliyefuta alikuja nyuma yako, weye umekwisha kutoka. Na nyuma yako mashine ilikuwa wapi?"

Luc alifikiri. Uso wake ukabadilika. "Ilikuwa hapa. Minye nilirudi Lubarika, leo nimefika watu wametoka misani."

"Hyacinthe hajui hata kwamba furushi liko. Aliyefuta alijua pa kulikuta, alijua pipa, alijua kujaza diski. Libérat alifundisha nani mambo haya?"

"Watu wawili tu," alisema Luc taratibu. "Minye na mwingine."

Spès alitoka uani. Wageni walikuwa wameacha kula. Padri alikuwa ameaga mapema, na heri yake.

"Jezi kumi na mbili ni ya nani?" aliuliza kwa sauti.

Hyacinthe, mlangoni, alitazama miguu yake. "Ni ya Niyongabo," alisema mwishowe.

Niyongabo alikuwa kando ya masufuria, mwiko mkononi. Ni kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu, wa kusemwa na kunyamaza. Asubuhi, ukoo wote ulipokwenda misani kumwombea kaka yake, yeye aliachwa alinde nyama na ajaribu jenereta.

"Nilikuwa mu jikoni, Tantine," alimwambia shangazi yake kabla hajaulizwa.

"Jenereta ulijaribisha na nini?"

Niyongabo alianza kukoroga nyama.

"Mwizi angefuta yote," alisema Spès. "Luc angetaka kufuta, asingeacha moja. Hyacinthe hawezi kuchagua asichokijua. Aliyefanya hivi aliyashika mafaili yote ya sauti, akafika kwa moja, mkono ukakataa. Ni nani ambaye mkono wake ungekataa jezi kumi na mbili?"

Niyongabo aliuweka mwiko juu ya kifuniko, polepole, usianguke.

"Njo minye," alikiri.

Ua mzima uliguna. Mjomba mmoja alinyanyuka na kiti chake. Spès akamkalisha kwa jicho.

"Juu ya nini?" aliuliza sababu.

"Tantine, weye haukuwe pale. Minye njo namusindikizaka Mama kwa Hyacinthe. Libérat akisema 'angalia mutoto wako', Mama ananigeukia, ananiambia: 'Umesikia? Huyo njo alikuwa mutoto.' Kila dimanche, mbele ya watu. Mwaka." Alijifuta mikono kwenye shati. "Nilisema tukiganduka itaisha. Halafu jana akaniambia: nenda lete mashine, kesho ukoo wote wasikie. Nikajua kesho atanigeukia mbele ya ukoo wote."

Spès alimtazama wifi yake. "Anadanganya?"

"Hadanganye," alisema Consolate. Hakuonyesha haya hata kidogo. "Ile siku nilituma huyu chumvi. Akasema: 'Niko nacheza.' Mukubwa wake akaenda badala yake. Ile lori ilikuwa yake, huyu. Libérat alimukufia, na yeye akakula ugali jioni. Leo amemuua tena."

Nimehudhuria misiba mingi katika bonde hili, na sijasikia mama akitamka jambo kama lile akiwa mkavu hivyo. Hakuna jamaa aliyemkanya. Wengine walitikisa kichwa kumkubalia, hao hao waliokuwa wamejaza matumbo wali alioupika Niyongabo tangu alfajiri.

"Na moja uliacha kwa nini?" Spès aliuliza, sauti imeshuka.

"Ile ni yangu. Alinirekodia minye. Mama hajaisikia hata siku moja, hataki niingie mu uwanja."

Consolate aliinua kichwa. "Iko moja?"

"Iko," alisema Spès.

"Sauti ya Libérat?"

"Yake."

"Ipige."

Walirudi sebuleni wote, Consolate akakaa kiti cha mbele, waliokosa nafasi wakasimama dirishani. Spès alimtoa jezi kumi na mbili benchi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, mfano wa Niyongabo uliingia uwanjani, ukapewa mpira, ukafunga. Na Libérat akapasuka kwenye spika, mzima, mwenye kicheko ndani ya koo:

"Niyongabo! Niyongabo! Mama, na huyu ni wako!"

Wanawake walianza kulia. Consolate alifumba macho, machozi yakamshuka hadi kidevuni.

"Tena," alisema.

Spès akarudia. "Na huyu ni wako!"

"Tena."

Niyongabo, aliyesimama karibu na mlango, alikuwa ameinua uso. Alisogea hatua moja kuelekea kiti cha mama yake, akanyoosha mkono kidogo, kama mtu anayejaribu joto la sufuria.

Consolate alifumbua macho, akamtazama Spès peke yake.

"Wifi, weye unajua mashine. Hili jina linaweza kukatwa? Jina na hayo maneno ya huyu. Ibaki 'Mama' tu."

Mkono wa Niyongabo ulirudi ubavuni.

Kazi hiyo ni ndogo sana. Luc aliijua, akafungua mdomo kusema. Spès akamgeukia kwa jicho ambalo kule Uvira linawatapisha wezi simu, naye akaufunga.

"Haiwezekani," alisema Spès.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ukikata jina, yote inakufa."

Consolate alifikiri. Kisha akakigeuza kiti chake, mgongo ukamwelekea mwanawe, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Basi piga tena," alisema.