Sauti Kwenye Uzi wa Kioo

Siku ya mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi hakuna pa kuweka mguu, na ndiyo siku aliyoichagua Kazimili kupita katikati ya watu na waya mrefu begani. Waya ukanasa kwenye kidumu cha mafuta cha msichana mmoja aliyevaa kitenge cha kijani na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa ikanyooka. Kidumu kikaanguka, mafuta yakamwagika, watu wakacheka. Kazimili, ambaye mbele ya wanawake huwa bubu, akaomba radhi huku akiutazama waya.

"Kaka, hiyo kamba unakwenda kumfungia nani?" msichana akauliza.

"Si kamba. Ni uzi wa kioo. Sauti inapita humu."

"Basi itapita yangu. Mimi ni Generoza, mkalimani wa zahanati."

Mwaka ule wa 2007 simu za mkononi hazikushika kambini. Redio ya upepo, ile ya kuitana hewani, ilikuwapo, lakini kila mwenye redio wilayani alisikia ugonjwa wa kila mtu. Kazimili, fundi redio, kijana wa Kisukuma kutoka Nyarubungo, Biharamulo, akabuni njia ya bei nafuu ya kuiunganisha zahanati na daktari wa kituo cha Mugoma, ng'ambo ya bonde. Sauti iliwashawasha taa ndogo nyekundu. Mwanga ukavuka bonde hewani. Kioo cha kukuzia kilichofungwa juu ya paa kikaukusanya na kuuingiza kwenye ncha ya uzi. Uzi ukaushusha hadi chumbani, kwenye kifaa kilichougeuza kuwa sauti tena. Kila upande ulikuwa na taa yake na kioo chake, na hakuna wa tatu aliyeweza kudukua.

Saa kumi na moja jioni, huko Mugoma, daktari alimaliza kuulizwa habari za wagonjwa, akaenda zake, na Kazimili akavuta kiti azungumze na Generoza. Ule ububu wake uliisha mara tu alipokuwa peke yake na kipaza sauti.

"Leo umekula nini, fundi?"

"Ugali na dagaa."

"Na ulikuwa unamfikiria nani ukila?"

"Dagaa."

Generoza akacheka mpaka spika ikakwaruza. Kazimili akalala na kicheko hicho kichwani, akaamka nacho.

Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali, naye Kazimili alipata ruhusa ya kuingia mara moja tu kwa mwezi, kufuta vumbi kwenye kioo cha zahanati. Siku nyingine zote alisimama mlangoni akikitazama kile kilima cha ng'ambo, akimtamani hata akakosa raha ya kula.

Julai likatoka tangazo kwamba kambi inafungwa na malori ya kurudi Burundi yanakuja. Jioni hiyo Kazimili akasema, "Generoza mpenzi, nataka kukuoa. Usinijibu leo. Nijibu kesho saa hizi."

Kesho yake wafugaji walichoma nyasi bondeni, kama wafanyavyo kila kiangazi. Spika ikatoa mvumo mtupu. Siku ya pili mvumo, ya tatu mvumo. Fundi huyu aliwafundisha watu wote pale kituoni kwamba ukungu na moshi huziba mwanga, lakini siku hizo tatu hakuufikiria moshi hata mara moja. Moyo ulikuwa umeshamwambia kwamba amekataliwa, akauamini. Siku ya nne akapanda paani, akang'oa kioo, akakifungia sandukuni.

Moshi ulipotawanyika Generoza aliita, akaita tena, hakujibiwa. Naye akaona kwamba mwanaume amebadili nia.

Wiki iliyofuata Eustakia, muuguzi wa Mugoma, alirudi kutoka kambini na gari la chanjo, akamfuata Kazimili moja kwa moja.

"Yule binti alikujibu siku tatu mfululizo katikati ya moshi. Ameniambia mwenyewe. Leo wanapanda malori."

Kazimili akachukua baiskeli bila kuuliza ni ya nani.

Alimkuta Generoza ameshapanda lori lililosimama barabarani nje ya kambi, ameketi kando ya baba yake, mzee Minani, juu ya godoro lililoviringishwa.

"Ulinijibu nini?" akauliza, akihema.

"Unang'oa kioo chako, halafu unakuja kuniuliza?"

"Nilidhani umenikataa. Nimekosa, nisamehe."

Generoza akajibu, "Nilisema ndiyo. Siku ya kwanza kwa aibu, siku ya tatu kwa hasira."

Mzee Minani akainamia ubavu wa lori. Kazimili akamwamkia, shikamoo, akaitikiwa marahaba.

"Kijana, unataka nini kwa binti yangu?"

Kazimili alikuwa hajawahi kulitamka neno la kuoa mbele ya watu.

"Nataka kumuoa, mzee. Naomba ashuke, abaki."

Mzee akatikisa kichwa. "Miaka kumi na miwili nimeishi ndani ya turubai. Binti yangu hataolewa kutoka kwenye turubai. Niache nifike kwetu Muyinga, nijenge, niwe na mlango. Uje na wazee wako, ubishe hodi."

Generoza alikuwa analia. Akanyoosha mkono, Kazimili akaushika.

"Usikawie, mpenzi," akasema.

Lori likaondoka, vidole vikaachana. Kazimili akasimama barabarani mpaka vumbi lilipotulia, kisha akaenda kutafuta gari la Biharamulo, akamwombe mjomba wake na wazee wengine wamsindikize Muyinga kubisha hodi.