Hatua ya Tatu ya Bibi Kokuhirwa

Kila jioni, akishamaliza kuteka maji na kumenya ndizi, Penina wa Kamachumu alikuwa na kazi moja zaidi: kukaa na bibi yake, Kokuhirwa, kwenye masomo ya kishikwambi. Mwalimu Buberwa wa kisomo cha watu wazima aliwaazima wanafunzi wake vifaa hivyo wakajifunzie nyumbani. Ukigusa herufi, sauti inaitamka. Ukijibu sawasawa, unapanda hatua.

Bibi alikuwa na sababu yake. Mwanawe wa pekee, Joackim, baba yake Penina, alivua dagaa kisiwani Bumbire, ambako simu hukatikakatika lakini ujumbe hupenya. Alitaka kusoma maneno ya mwanawe bila kumtegemea mtu.

Lakini vidole vya bibi vilikuwa vizito, na Penina hakuwa na subira. Wenzake walikuwa wakimngoja uwanjani wacheze rede. Bibi akikwama, Penina alimgusia jibu. Baadaye hata hakungoja akwame. Hivyo bibi akafika hatua ya tatu, darasa zima likampigia makofi. Maskini bibi, alirudi nyumbani akitabasamu njia nzima.

Mwezi wa nane Penina aliingia kambi ya mtihani wa darasa la saba, akawa analala shuleni. Jumanne, ujumbe ukaingia kwenye simu ya bibi. Aliukodolea macho mpaka yakamuuma. Jirani yake, Elieth, alipita pale mara mbili, lakini bibi aliona haya kumwomba amsomee. Mtu wa hatua ya tatu asomewe? Akaamua kumngoja mjukuu.

Penina alirudi Ijumaa jioni, akausoma kwa sauti: "Mama, naumwa sana. Njoo mapema."

Kesho yake walipanda boti ya kwanza. Walimkuta Joackim amefariki alfajiri ile. Wavuvi wenzake walisema alimwulizia mama yake kila boti ilipotia nanga. Wakarudi naye, akazikwa kibanjani, kati ya migomba.

Penina alilia mpaka sauti ikamwisha. Matanga yalipoanuliwa, alimwita Mwalimu Buberwa nyumbani, akamweleza yote mbele ya bibi. Mwalimu akakirudisha kishikwambi hatua ya kwanza.

"Ulimpa bibi yako sifa, Penina, ukamnyima kusoma," alisema. "Anayejifunza akikwama, mwache ahangaike. Pale anapohangaika ndipo anapojifunza. Ukimfanyia kazi yake, humsaidii, unamwibia."

"Na mimi nilijua kwamba sijui, mwalimu," bibi alisema taratibu. "Nikayapokea makofi, kisha nikaona haya kuuliza. Tulidanganya wawili, mjukuu wangu. Mzigo huu usiubebe peke yako."

Akavuta kiti, akaanza upya. Alikosea herufi ya kwanza mara nne, huku machozi yakidondokea kwenye kioo. Penina aliikalia mikono yake, akangoja. Mara ya tano bibi akapatia, mwenyewe.