Ambulansi ya Mbelu na Dereva Wake

Katika Kindu nzima hakuna anayejua magari kumshinda huyu anayewasimulia. Kusema haki, hajawahi kushika usukani, na siku aliyopanda toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, alishuka kwenye mteremko wa kwanza akamalizia safari kwa miguu. Lakini macho anayo, na ambulansi ya Mbelu aliiona tangu ilipokuwa kopo la sardini.

Mbelu alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko mwaka wa sita wa shule ya msingi. Kila siku akitoka shule huteka maji, hutwanga sombe, yale majani ya muhogo, huosha sahani, kisha hukimbilia barazani kwa jirani yao, Mama Mwanahamisi mshonaji, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mkasi unaokata.

Hapo alikuwa akiunda gari. Hakununua hata kipande kimoja. Kila kitu alikitafuta mwenyewe. Fremu ilikuwa ya mianzi, chumba cha dereva makopo mawili ya sardini, magurudumu kandambili iliyokatwa mviringo, na ekseli spoki za baiskeli. Mwalimu alikuwa amewafundisha kipimio, basi Mbelu akaamua kwamba kila mita ya gari la kweli iwe sentimita tano. Hivyo kila kitu kilipunguzwa mara ishirini, hata ngazi ya nyuma, hata msalaba mwekundu wa ubavuni.

Ilikuwa ambulansi ya jeshi, ile iliyoleta majeruhi Kindu katika miaka ya vita, treni zilipoacha kuja. Dereva wake, kama mtaa mzima ulivyojua, alikuwa Koko Kankolongo, babu yake Mbelu, mfanyakazi wa zamani wa reli. Nani aliuambia mtaa mzima? Yeye mwenyewe, tena mara nyingi.

Jumamosi ingekuwa siku ya maonyesho shuleni. Direkta Tambwe, mwalimu mkuu, alikuwa na sharti moja: kila mwanafunzi aeleze historia ya kitu chake mbele ya wazazi, na akiongeza uongo, kitu hicho kinaondolewa mezani. Mbelu alikwisha kuandika kibao: DEREVA, KOKO KANKOLONGO.

Shida ilikuwa turubai. Mbelu aliomba sokoni kipande cha turubai la kweli la lori, akafunika nalo gari lake. Turubai likasimama wima kama bati, likakataa kukunjika. Destin, waliyesoma naye darasa moja, alipita akachungulia.

"Mbelu, banda hili kuku wanaingia lini?"

Mbelu alilia kidogo, akakasirika zaidi. Kama turubai lilikuwa la kweli, mbona lilionekana la uongo? Mama Mwanahamisi akalishika kwa vidole viwili.

"Gari umelipunguza mara ishirini," akasema, "turubai umeliacha na unene wake. Kikipunguzwa kimoja, vyote vipunguzwe."

Akafungua sanduku, akatoa shuka kuukuu iliyofuliwa mpaka ikawa nyepesi kama ganda la kitunguu. Wakaichemsha katika maji ya sombe iliyotwangwa, wakatia majivu ili rangi isichangamke mno, wakaichovya katika wanga wa muhogo, kisha wakaitandaza mbichi juu ya pinde za waya. Mara ya kwanza wanga ulikuwa mzito. Mara ya pili mbuzi wa jirani alisikia harufu ya sombe, akala pembe ya nyuma. Mara ya tatu kitambaa kilikauka kikiwa kimebonyea kidogo kati ya upinde na upinde, kama turubai lililonyeshewa na mvua nyingi. Mbelu alilizunguka gari mara nne, akicheka peke yake.

Ijumaa kulibaki kazi ya ndani, na Koko akaitwa aje aeleze. Pedali zilikuwa ngapi? Koko akakohoa, akasema zilikuwa za kutosha. Usukani ulikuwa upande gani? Kulia, akajibu, kisha akauona uso wa Mama Mwanahamisi, akasema kushoto. Na breki ya mkono? Ah, yeye alikuwa na haraka siku zote, breki ya mkono hakuitumia.

Lakini alipoulizwa habari za turubai, mzee akawa mtu mwingine. Akafumba macho. Pinde zilikuwa tano, akasema, ya tatu imepinda. Karibu na mlango wa nyuma palikuwa na kiraka chenye umbo la kuku, kimeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Na mvua iliponyesha, tone lilipenya katikati, likadondokea hapa. Akagusa kidevu chake.

Mbelu akaacha kuandika. Akamtazama Mama Mwanahamisi, ambaye alikuwa akikata kiraka kidogo kama ukucha, midomo ameibana kuzuia kicheko. Kisha akalitazama gari lake. Dereva hukaa mbele, macho yako barabarani. Ni nani basi anayeliona turubai kwa ndani, na kudondokewa na mvua kidevuni?

Kesho wazazi wote watakuwapo. Akinyamaza, atasimama mbele yao na kusema jambo asiloliamini. Akiuliza, atamwaibisha babu yake.

"Koko," akasema polepole, "mle ndani ulikuwa umekaa, ao ulikuwa umelala?"

Mzee akautazama mguu wake wa kulia, ule unaomuuma kila mvua inapokaribia.

"Nilikuwa nimelala, mjukuu wangu. Kwenye machela."

"Njo vile," akasema Mama Mwanahamisi bila kuinua macho. "Mimi njo nilikuwa nauguza watu mle ndani. Nimengoja miaka ishirini na zaidi uyaseme mwenyewe. Mtoto amepunguza gari mara ishirini, mzee, na wewe umejiongeza mara ishirini."

Koko akaona haya, akasema shuleni hatakwenda tena. Mbelu alichukua kibao, akafuta DEREVA, akaandika MGONJWA. Halafu akamwambia kwamba pasipo mgonjwa dereva wa ambulansi hana kazi, na kwamba pasipo mtu aliyelala chali, hakuna ambaye angejua habari za kile kiraka. Mzee akafikiri, akacheka kwa pua, akaomba shati lake lipigwe pasi.

Jumamosi wazazi walipanga mstari kuinua pembe ya turubai na kuchungulia ndani. Destin alilipapasa mara mbili, akauliza lilinunuliwa wapi. Ndipo Koko akasimama akasimulia yote. Hakuwa dereva. Hata risasi haikumgusa. Walipokuwa wakikimbia vita kwenye barabara iendayo mji wa Kama, bata wake alimponyoka. Akamkimbiza, akatumbukia shimoni, akavunjika mguu. Ambulansi ikasimama kumwokota, naye akagoma kupakiwa bila bata. Ikabidi muuguzi amfunge ndege huyo mabawa na miguu kwa bandeji ili asiwasumbue majeruhi.

Watu walishika mbavu kwa kucheka. Direkta Tambwe akangoja watulie.

"Watoto, mmeona," akasema. "Mbelu alirudia turubai lake mara tatu mpaka likakubali. Mzee wetu amerudia maneno yake mara moja tu, ikatosha. Mtu anayejua kazi haoni haya kuanza upya, na ukweli hata ukichelewa unapokelewa. Kama Mbelu angeogopa kuuliza, leo tungekuwa na gari zuri lenye maneno mabovu."

Ambulansi ikabaki mezani, tena katikati. Direkta akamwomba muuguzi wa zamani naye aseme neno. Mama Mwanahamisi akatengeneza kitambaa chake kichwani, akawausia watoto wasidanganye hata siku moja, kwa maana njia ya mwongo ni fupi. Koko akainua mkono.

"Na bata wangu? Kesho yake nilipoamka hakuwapo."

"Aliruka," akajibu Mama Mwanahamisi upesi. "Tulipokuwa kwenye kivuko, katikati ya mto. Aliruka, akaenda zake."

Mbelu alikuwa ameuliza maswali wiki nzima. Moja zaidi halikumlemea.

"Aliruka vipi, Mama, na mabawa yalikuwa yamefungwa bandeji?"

Mama Mwanahamisi akakitengeneza tena kitambaa chake.

"Alikuwa amenona?" Koko akauliza kwa upole.

"Mapajani tu," akasema Mama Mwanahamisi, kisha akauziba mdomo wake kwa mkono.