Kikopo Kisicho na Jina

Choo cha mtoto anayeharisha hakihitaji kutangazwa. Pua hukijua kabla ya jicho. Ndiyo maana Thuraiya alishtuka alipofungua kikopo kile cha choo kikanukia asumini.

Katika maabara ya zahanati yao, nje kidogo ya Wete, alikuwa peke yake. Tangu binti yake Samiha afariki kwa kuharisha, na mumewe ahamie Tumbe kwa mke mwingine, alizoea kuyasoma majina ya vikopo kwa sauti, angalau chumba kisikie jina la mtu. Upweke nao ni maradhi, ila hauna kipimo.

Adhuhuri ile wenzake walikuwa wamekwenda kusali. Kikopo hakikuandikwa jina. Alidondoshea matone kwenye kipimo cha kirusi cha rota, kile kinachoharisha watoto, akangoja. Haukutokea mstari wowote, hata ule unaotokea kila siku kuonyesha kuwa kipimo ni kizima. Ulimi ukatafuta jina la kusoma, ukaliokota lililokuwa karibu.

"Samiha."

"Abee," ilijibu sauti ya mtoto nyuma ya friji.

Friji likanyamaza, harufu ya asumini ikapanda ikajaa chumba kizima, na kitu kidogo, cha baridi, kikashika pindo la koti lake na kulivuta kama Samiha alivyokuwa akivuta alipotaka kubebwa, naye Thuraiya hakuthubutu kugeuka, kwa hofu ya atakachokiona, na kwa hofu kubwa zaidi, kwamba moyoni alikuwa amefurahi.

Alijichomoa akakimbilia msikitini kwa Shehe Khatib. Shehe akaja, akasoma, akanyunyiza maji pembe zote, mpaka friji likanguruma tena.

"Na kama ni yeye kweli, Shehe?" Thuraiya aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwanao kesharejea kwa Mola wake, Bi Thuraiya. Huyu hana jina, kachukua ulompa. Sasa katoka. Ukimwita tena, hatoki, na wewe hutoki."

Kesho yake vikopo vilinuka kama kawaida. "Khairat," alisoma. "Masoud." Hakujibu mtu. Adhuhuri wenzake wakaondoka, na kimya kile kikamuuma kuliko hofu ya jana. Akafunga mlango kwa ndani.

"Samiha," alinong'ona.

Hakuna. Akaanza kulia, kwa aibu na kwa kiu.

Kisha pindo la koti likavutwa. Thuraiya hakugeuka. Alichutama tu, kama zamani, ili apandwe mgongoni. Aliyepanda alikuwa mzito kuliko Samiha aliyemkumbuka.