Vidonge Ndani ya Boksi la Vifungo

Baba yangu ni fundi cherehani wa magauni ya harusi. Moyo wake ulikuwa unadunda ovyo, mara mbio, mara unasita. Daktari alimpa vidonge vya kuzuia damu isigande. Akaviacha kimyakimya. Sindano ikimchoma, damu haikatiki upesi, na tone moja kwenye kitambaa cheupe ni kazi iliyoharibika. Subana ya kukinga kidole hataki. Eti ni ya wanagenzi.

Asubuhi moja mkasi ukamponyoka. Mdomo ukapinda. Akataka kusema, akabwabwaja. Tukamkimbiza hospitali, na baada ya saa moja ulimi ukarudi. Niliporudi kufunga duka, nikakuta vidonge vya miezi mitatu ndani ya boksi la vifungo.

Jioni wateja walikuja wodini kumpa pole. Muuguzi wa moyo naye akaingia.

"Una bahati, mzee. Vyumba vya juu vya moyo wako vinatetemeka tu, havisukumi. Damu inatuama, inaganda. Bonge likifika kwenye ubongo, ni kiharusi. Vidonge unakunywa?"

"Nakunywa."

"Mwongo," nikasema. "Kavificha kwenye vifungo."

"Unanivua nguo mbele za watu?"

"Si wewe fundi? Jishonee nyingine."

Muuguzi akameza kicheko. "Wengine hupitishiwa mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena mpaka moyoni, ukaunguza sehemu zinazovuruga umeme wa moyo. Wewe vali, kile kilango cha damu moyoni, inavuja, kifua kitafunguliwa ili irekebishwe. Hapohapo daktari atatengeneza makovu madogo moyoni, umeme usitangetange, na kufunga kifuko ambamo damu hugandia. Hatari zipo. Uliza yote kabla ya kusaini."

"Halafu vidonge basi?"

"Nani kasema? Utakunywa mpaka daktari mwenyewe akuambie acha. Na subana utavaa."

Baba aliuliza maswali siku mbili, kisha akasaini.

Sasa ni miezi minane tangu upasuaji. Moyo unadunda sawasawa. Vidonge anakunywa mbele yangu, na subana anavaa huku amenuna. Ila kila mteja akiingia, Baba hunikazia macho.

"Ulinidhalilisha wodini. Niombe radhi."

"Ungekufa, Baba."

"Sijakufa. Niombe radhi."

"Siombi. Leo siombi, na kesho usiniulize."