Mstari wa Njano

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, siku tatu baada ya mazishi, Inspekta wa ajali alikuwa amelala chali chini ya gari jekundu katika yadi ya polisi, tochi mdomoni. Ubavu wa kushoto ulikuwa umekunjwa na mti. Wa kulia haukuguswa. Alipopitisha vidole upande wa ndani wa tairi la mbele kulia, waya zilimchoma. Upande wa nje, meno ya tairi hilohilo yalikuwa bado marefu. La kushoto, lililopasuka kwenye kona na kulipeleka gari mtini, lilikuwa limelika vivyo hivyo.

Muuza matairi alishaonyesha daftari lake. Matairi yalifungwa mapya wiki sita tu zilizopita, na tarehe iliyopigwa ubavuni ilimuunga mkono. Inspekta akamfuta kwenye orodha yake.

Gari lilikuwa la marehemu Kitinda, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyeitwa hivyo kwa sababu ndiye wa mwisho kwa mama yake. Wiki ileile ya matairi mapya alilishusha kwa springi fupi mpaka likakaribia kulamba lami. Aliyemfungia ni rafiki yake tangu shule, fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Springi, na sasa Springi alikuwa mahabusu. Mama wa marehemu alimnyooshea kidole mbele ya waombolezaji wote. Kesho saa nne asubuhi angesomewa shtaka la kusababisha kifo.

Saa nne na nusu waliketi wawili, meza katikati. Springi alikuwa na macho ya mtu aliyelia mpaka akachoka.

“Ulimshushia gari ukamwachia hivyohivyo?”

“Hapana, afande. Ukishusha gari, magurudumu yanalala, juu yanaingia ndani. Ya mbele yanaweza hata kuanza kutazama pembeni, kila moja na kwao. Lazima liende alaimenti siku hiyohiyo, magurudumu yapimwe na kunyooshwa. Nililiendesha mwenyewe, polepole kama nimebeba mayai, mpaka kwa baba yake.”

“Kwa nini kwa baba yake?”

“Kitinda hakutaka mtu mwingine aguse magurudumu yake. Na kusema kweli, nani anamfikia yule mzee? Alianza kupima kwa uzi kabla mashine hazijaja. Ndiyo maana anaitwa Fundi Uzi.”

“Mzee aliafiki gari kushushwa?”

Springi aliinamisha kichwa. “Alikataa katakata. Walinuniana mwezi mzima. Halafu siku ile akalipokea bila neno, tukajua yamekwisha.”

“Na wewe baadaye hukulegeza chochote?”

“Kaangalie mistari, afande. Mzee akimaliza kukaza nati, anachora mstari wa njano kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma. Ukiigusa nati, mstari unakatika. Mimi sikugusa.”

“Baada ya kutoka kwa mzee, gari lilikuwaje barabarani?”

“Linayumbayumba. Nilimwambia Kitinda.”

Springi akaeleza rafiki yake alivyomjibu. Inspekta aliandika jibu hilo neno kwa neno, akalipigia mstari.

Alirudi chini ya gari. Kwenye tairodi ya kulia, kile chuma chembamba kinachogeuza gurudumu, mstari wa njano ulikuwepo, mzima, kama Springi alivyosema. Inspekta nusura atoke. Ila alikuwa mwanamke mbishi, na ubishi wake ulishawaudhi mabosi watatu. Akafuta vumbi kwa kitambaa. Pembeni ya ule mstari ulitokea mwingine wa rangi ileile, nusu yake kwenye nati na nusu yake kwenye chuma, na nusu hizo hazikukutana tena.

Basi nati ilikazwa mara mbili, na mara zote mbili na mkono uleule. Alitoka chini ya gari akaketi, na hakufurahi hata kidogo.

Saa nane mchana aliingia karakana ya Fundi Uzi, nyuma ya nyumba yake. Gari la mteja lilikuwa juu ya jeki. Mama wa Kitinda alikaa kwenye benchi mlangoni, kanga begani, hana anachofanya. Tangu msiba hakutaka kubaki ndani peke yake.

“Pole, mama. Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa habari ya yule kijana?”

“Nimekuja kwa habari ya dakika thelathini na tano.” Inspekta aliweka karatasi mbili mezani. “Hii ni karatasi ya vipimo niliyoikuta ndani ya gari, mashine yako iliitoa saa kumi na dakika kumi jioni. Magurudumu yako sawa kabisa. Hii ni nakala ya daftari la mlinzi wako wa getini. Gari lilitoka saa kumi na moja kasorobo. Na kwenye tairodi kuna mistari miwili, mzee. Mmoja umekatika.”

Mzee alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

“Ukishaiharibu kazi kwa makusudi, huchori mstari,” alisema. “Mkono ulichora wenyewe. Miaka thelathini na minane umezoea.”

“Baba Kitinda,” mama aliita kutoka mlangoni. “Unasema nini?”

“Nililegeza, mke wangu. Nilimaliza kazi vizuri, nikapiga karatasi, halafu nikalegeza nikayafanya magurudumu yatazame nje kidogo. Nilitaka gari limchoshe. Gari linaloyumba halina raha. Nikasema wiki mbili hazitapita, atakuja aniambie, baba, nirudishie springi za zamani.” Alitazama getini. “Kila honi ikilia getini nilijua ni yeye.”

“Ulijua matairi yatalika,” Inspekta alisema.

“Nilihesabu miezi mitatu. Sikuhesabu anavyokimbia. Baadaye nikaogopa, nikasema Jumapili akija kula nitachukua funguo nilitengeneze kimyakimya. Akafa Alhamisi.”

“Na Springi yuko ndani siku ya ngapi hii?”

“Kila asubuhi nilivaa viatu niende kituoni. Nikafika getini nikarudi.”

Mama alijifunika uso kwa kanga. Alilia bila sauti, mabega tu yakitikisika, na kati ya kilio alisikika akisema kwamba alimlaani mtoto wa watu. Mzee alipiga hatua kumwendea, akasimama katikati ya karakana, hajui aende au asiende.

“Inspekta, nijibu moja,” alisema. “Mwanangu aliona kuwa gari linayumba?”

Inspekta angeweza kudanganya. Alifungua daftari akasoma.

“Springi alimshauri alipeleke likapimwe kwingine. Akamjibu, ‘Mkono wa baba haukosei. Barabara ndiyo mbovu.’”

Fundi Uzi alikaa juu ya tairi kuukuu na kutoa sauti ambayo mke wake hakuwahi kuisikia hata makaburini. Inspekta alingoja. Pingu aliziacha mfukoni.

Mzee alipoinuka, alizima mashine, akafunika kopo la rangi ya njano, akalisukuma mbali. Mlangoni aligeuka kutazama gari la mteja lililobaki juu ya jeki.

“Hilo nimeshalikaza,” alisema. “Lakini mwambieni mwenyewe alipeleke kwa fundi mwingine, alipime upya.”