Jani Lisilo na Harufu

Mtoto wa marehemu mdogo wangu, binti ninayemwita mwanangu, alikuwa mkamuaji wa harufu. Msicheke, ni kazi ya kusomea. Anachemsha majani kwenye chupa, mvuke unapita kwenye bomba la baridi, mafuta yanaelea juu ya maji. Tone moja linaingia kwenye mashine, nayo inachora vilima karatasini, kila harufu na kilima chake. Mimi niliyeishia darasa la saba nilielewa siku ile ile. Ni mapishi tu, ila hayaliwi.

Nilikaa kwake kumlelea mwanawe wa miezi tisa. Asubuhi moja alichuma majani ya kichaka kilichojiotea chini ya dirisha la jikoni. Jioni akarudi amenuna.

"Mama mkubwa, kile kichaka hakina harufu hata chembe. Karatasi imetoka mstari mnyoofu kama kamba ya kuanikia nguo."

"Si uachane nacho?"

"Hata jani kavu lina harufu yake. Nimeinamia chupa nikavuta mvuke mpaka kifua kikajaa. Wapi!"

"Wewe si ulisema mmekatazwa kunusa chupa?"

"Na wewe si umekatazwa chumvi?"

Akacheka, akamchukua mtoto amnyonyeshe. Mtoto akageuza uso.

Nikadhani ni meno. Siku ya pili akamtazama mama yake kama mgeni, akalia. Siku ya tatu nikamwona ananyoosha shingo dirishani, analamba midomo. Nikaenda kwenye tenga la nguo chafu, nikainusa blauzi ya mwanangu. Siku nzima ya jasho na maziwa.

Haikunuka kitu.

Nikatoka uani, nikainamia kichaka. Sabuni yake. Jasho lake. Maziwa yaliyochachia kifuani. Kichaka kinanuka mwanangu.

Nilipomwambia hakubisha, na yeye ni mbishi. Kesho yake alikwenda kazini na majani na blauzi, akarudi mchana na karatasi mbili. Ya majani, vilima tele. Ya blauzi, mstari mnyoofu.

"Nikikikata," akaninong'oneza, "harufu yangu itanirudia, au nitakwisha pamoja nacho?"

Nikageuka nimchukue mtoto niliyemlaza mkekani.

Ndipo tukaona mkeka mtupu. Mlango wa uani wazi.

Mtoto alikuwa ameketi chini ya kichaka. Kimya. Macho kayafumba. Jani mdomoni. Mama yake akamwita. Hakugeuka. Nikamvuta kwa nguvu. Tumbo limejaa, maziwa yanamchuruzika kidevuni.

Nikalivunja lile jani. Kavu, halikutoa hata tone.

Mwanangu akafungua vifungo, akajiminya ziwa. Akajiminya tena. Hakikutoka kitu.

Nikaenda kuchukua panga. Akasimama mbele yangu.

"Usikikate, mama mkubwa. Atanyonya wapi?"

Sasa anakimwagilia maji kila asubuhi. Mtoto ananenepa. Yeye anapukutika.

Mimi nilirudi kwangu. Gauni nililovaa nikimvuta yule mtoto nimelifua, nimelichemsha, nimelianika jua kali. Mkono wa kulia una doa la maziwa. Bado bichi.